Fundi Friji na Taarifa Zake

Saa saba mchana simu ya fundi friji ililia mezani, katikati ya sahani, mbele ya mchumba wake, mshonaji nguo, na shangazi wa mchumba aliyekuja kumkagua. Bila idhini ya shangazi, mshonaji hangeolewa naye.

Fundi alibonyeza spika bila kufikiri. Mke wake wa kwanza alikuwa na wivu usio na likizo, na miaka sita ya ndoa ile ilimzoesha kupokea simu hadharani na kujieleza kabla hajaulizwa.

"Ni mama mkwe wa zamani," alisema. "Friji yake inavuja. Sina jingine naye."

"Nani kakuuliza?" Shangazi alimgeukia mshonaji. "Mwanangu, mwanamume anayejieleza hivi ana lake jambo."

"Mkwe!" simu ilipiga kelele. "Jiko limekuwa bwawa!"

Shangazi aliivuta. "Dada, mimi shangazi wa mchumba wake. Hebu niambie ukweli, huyu ana wanawake?"

"Huyu? Binti yangu alimfuatilia mpaka kwa kinyozi. Akaambulia kupasuka visigino."

"Kasoro yake nini basi?"

"Mdomo! Mtume chumvi, atakusimulia mpaka foleni ya dukani."

"Kumbe ni maradhi tu," alisema shangazi, akimgeukia fundi. "Yanatibika. Baba, nenda dukani kaniletee chumvi. Ukirudi, sitaki neno."

Fundi alirudi akitokwa jasho, akaiweka chumvi mezani, midomo ameibana kama mfuniko wa chupa. Shangazi alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mshonaji hakuigusa chumvi.

"Mbona umenyamaza?" mshonaji alimuuliza fundi.

Fundi alimtazama shangazi.

"Usimwangalie yeye. Mume wangu wa kwanza alitoka kimya kimya kununua sabuni. Mpaka leo hajarudi. Dukani ulimkuta nani?"

Fundi alivuta pumzi, kisha akafunguka: muuza duka, wateja wawili, chenji iliyokosekana, mbuzi aliyelala mlangoni na jinsi alivyomruka. Mshonaji alimpakulia sahani ya pili.

Shangazi alinyanyua mikono. "Oaneni. Ila mimi msiniweke karibu naye mezani."

"Hongereni!" ilisema simu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata. "Sasa bwawa langu analikausha nani?"

Fundi alibeba kisanduku cha vifaa. Mlangoni alieleza anakwenda wapi, kwa njia ipi, na bomba gani huenda limeziba. Mshonaji alimsikiliza mpaka mwisho.