Siri Aliyoibana Redio

Kazi ya ususi ni ya kusimama, na mteja akikaa kwenye kigoda, kichwa chake hunifikia tumboni. Zamani hilo halikunisumbua. Tangu nipasuliwe utumbo, haja yangu kubwa hutokea tumboni, upande wa kushoto, na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa hapo. Na tumbo hilo huongea linapotaka, haliombi ruhusa.

Kwa hiyo nilisuka nimejipinda, ubavu wa kulia mbele, na muziki juu. Saluni nzima ikadhani napenda muziki. Kumbe muziki wenyewe unaniumiza kichwa.

Siku moja umeme ukakatika, na kwenye kigoda alikuwa Redio, jirani yetu tuliyempa jina hilo kwa sababu siri ikiingia kwake asubuhi, mchana imeshafika sokoni. Tumbo likatoa mlio mrefu, sikioni mwake. Akageuka, bega lake likagusa mfuko. Akanitazama usoni.

"Endelea tu, dada," akasema kwa upole. Siku zote alikuwa akiniita "wewe".

Nilijua nimekwisha. Nani atakubali kusukwa na mwanamke aliyebeba choo chake? Nikaandaa majibu makali ya kuwapa wote. Juma likapita, na jingine, wateja wakaja kama kawaida. Huyu aliyetangaza talaka ya dada yake kabla mume hajaiandika, siri yangu kaimeza. Hapo ndipo nilipoumia. Kumbe hali yangu ni mbaya kiasi cha kuhurumiwa hata na Redio.

Aliporudi kusukwa tena, saluni imejaa, nilizima muziki mwenyewe.

"Jamani, mimi nina mfuko wa choo hapa tumboni," nikasema. "Mlio mkiusikia, ni wangu. Asiyetaka, mlango ule pale."

Dada anayepaka rangi za kucha akauliza kama panauma. Mteja wa pembeni akauliza zamu yake itafika lini.

Aliyekasirika ni Redio. "Muda wote huu nimeibana, usingizi sipati, hata mume wangu sijamwambia. Kumbe ilikuwa ruhusa?"

"Sasa ni ruhusa."

"Sasa si wote wanajua? Nitamwambia nani?" Akasonya. Kisha akasogeza kigoda chake upande wangu wa kushoto, akaegemeza kichwa karibu kabisa na mfuko. "Haya, suka, mwenzangu. Tumbo likisema jingine, niwe wa kwanza kusikia."