Mchinja Pikipiki

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Swalehe Mkwinda aliingia na pikipiki yake katika uwanja wa gereji ya Fundi Saturnini, mjini Ruangwa. Akazima injini, akasalimia. Watu tisa waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi walimtazama. Aliyeitikia alikuwa mmoja, tena kwa kuguna.

"Mchinjaji kaja," mmoja wao, Ildefonsi, akasema, wala hakupunguza sauti.

Watu hao walijiita Wazee wa Kiki, kwa lile teke la kuwashia pikipiki. Walikuwa wakulima, walimu na mkunga mstaafu, kutoka Ruangwa, Nachingwea na vijiji vya katikati. Kila mmoja alikuwa na pikipiki iliyopita miaka arobaini, na mara moja kwa mwezi walikutana wakatafutiana vipuri, kisha wakaziendesha pamoja hadi kijiji fulani na kurudi. Mwenyekiti alikuwa Fundi Saturnini mwenyewe. Nusu ya pikipiki zile zisingekuwa zinatembea bila mikono yake.

Swalehe alikuwa mnunuzi wa chuma chakavu pale Nachingwea. Kwa miaka kumi na saba pikipiki zilizochoka, zile zilizogeuzwa viota vya kuku, zilipita kwenye mizani yake. Alizivunja kwa nyundo na patasi akazipakia kwenye lori la Dar es Salaam. Halafu, miaka miwili iliyopita, mjane mmoja wa Mkotokuyana alimuuzia pikipiki kuukuu ya Kiingereza, BSA, ya marehemu mumewe. Kabla ya kuivunja, kwa mzaha tu, Swalehe alisafisha plagi, akamimina petroli kidogo na kupiga kiki. Mara ya nne injini ikashika. Mlio wake ulikuwa mzito, wa taratibu, na Swalehe akasimama pale na nyundo mkononi hadi petroli ilipokwisha. Akamimina nyingine.

Usiku ule alimwambia mkewe, Zaina, kwamba hatavunja tena pikipiki.

"Na zile ulizokwisha kuzivunja?" Zaina akauliza.

Swalehe akazima taa. Alichukua miaka miwili kuitengeneza BSA ile, akiwa peke yake, na sasa alitaka wenzake.

"Huku mtu haji tu," Saturnini alimwambia, akiwa bado amekaa. "Mwanachama mpya husimamiwa na wanachama wawili. Nani anamsimamia huyu?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi umesikia. Nenda salama."

"Hapana, Fundi, subiri," Ildefonsi akasema. Alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye kifua kipana. "Mimi nataka nimsikie. Atutajie alizovunja. Zote anazokumbuka."

"Ya nini kupoteza muda?" Saturnini akasema.

"Atutajie."

Swalehe alibaki amesimama katikati yao kama mshtakiwa. Akaanza. Honda nyekundu ya tabibu wa Nambambo. Suzuki mbili za mabwana shamba wa Ruponda. Yamaha ya katekista, iliyokuwa na kikapu cha chuma mbele. Alikumbuka zaidi ya walivyotarajia, na kadiri alivyotaja ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Mkunga Prisila akasonya na kugeuka upande.

"Na Jawa moja," Swalehe akasema. "Nyekundu ya damu ya mzee. Kwenye tangi palikuwa na samaki mweupe, amechorwa kwa mkono."

Ildefonsi akasimama.

"Yule samaki nilimchora mimi," akasema polepole. "Nilikuwa darasa la nne. Baba alinichapa, halafu akamwacha pale pale."

Kila mwanachama aliijua habari ya Jawa hiyo. Miaka tisa nyuma, baba yake Ildefonsi alipofariki, mama yake aliileta Jawa katika gereji hii ili itengenezwe. Wiki ya pili Saturnini akasema wezi wamevunja mlango usiku na kuondoka nayo. Mama alikufa akiiulizia.

"Nani alikuletea?" Ildefonsi akauliza.

Swalehe hakuwahi kusikia habari ya wezi. Aliyemletea Jawa ile alikuwa Saturnini mwenyewe, mchana kweupe, juu ya mkokoteni, akisema mwenye pikipiki ameikatia tamaa. Akamtazama yule mzee. Saturnini alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, na mikono haikuwa na uchafu wowote.

"Aliyeniletea yuko hai," Swalehe akasema. "Aseme mwenyewe."

Ildefonsi akamkaba ukosi wa shati. "Unanunua vya wizi, halafu unakuja kukaa na sisi? Mtaje!"

"Sikujua kama inatafutwa, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako!"

"Mtoeni," Saturnini akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mtoeni nje."

Walimsukuma hadi langoni, yeye na pikipiki yake. Ildefonsi akachomoa plagi ya BSA na kuitupa mbali, ng'ambo ya ukuta, kwenye magugu. Akarudi ndani akijipangusa viganja.

Swalehe aliikokota pikipiki hadi nyumba zikaisha. Pale ndipo Saturnini alipomfikia kwa Honda yake. Begi la vifaa lilikuwa begani, na ndani yake plagi hazikosi. Hakutoa hata moja.

"Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu kwako, Mzee. Nilitaka kuingia kwenye chama."

"Ungenitaja ningekukana, nao wangeniamini mimi. Sasa umeniachia jambo tumboni. Wewe ni mtu mbaya sana."

"Kwa nini uliwaambia ni wezi?"

Saturnini alitazama barabara. "Niliipasua bloku ya injini. Nilikaza bolti kwa pupa, ikapasuka mikononi mwangu. Miaka thelathini ya ufundi, hakuna aliyewahi kusema Saturnini kaharibu. Ningemwambia nini yule mjane?"

"Ungemwambia imepasuka."

"Usinifundishe! Wewe uliyeponda mia?"

"Mwezi ujao narudi," Swalehe akasema. "Usiposema, nitasema."

Mzee akatema mate chini, karibu kabisa na gurudumu la BSA, akageuza Honda yake. Swalehe alirudi Nachingwea juu ya lori la magunia ya ufuta, ameishikilia pikipiki isianguke, na njia nzima alijiuliza kama alichofanya ni haki au ni kisasi cha kusukumwa langoni. Hakupata uhakika.

Mwezi uliofuata alikuta hali imechafuka kabla hajafika. Alipoegesha nje ya lango, Saturnini alikuwa amesimama mbele ya mabenchi, kofia mkononi, amekwisha kusema. Ildefonsi alikuwa mbele yake, uso kwa uso.

"Mama alipokuja hapa kulia, ulimpa kiti?"

"Nilimpa."

"Ukamwambia pole?"

"Nilimwambia."

Wote walingoja ngumi. Ildefonsi akaiendea pikipiki yake, akapiga kiki na kuondoka. Wanne wakamfuata. Alipompita Swalehe langoni hakugeuza shingo.

Saturnini aliuweka ufunguo wa kabati la vipuri vya chama mezani, akaingia ndani ya gereji na kufunga mlango. Waliobaki walimgeukia Swalehe.

"Tulikuwa tumekaa vizuri," Prisila akasema. "Umeridhika?"

"Si yeye aliyekivunja chama," Mwalimu Lusiana, katibu, akajibu akiwa bado anaandika. Kisha akamwinulia Swalehe macho. "Usidhani nakutetea. Mume wangu alikuwa na Suzuki, na najua ilikoishia. Lakini ulipoulizwa ulisema, na huyu tuliyemwita mwenyekiti alinyamaza miaka tisa. Nakusimamia mimi. Wa pili utamtafuta mwenyewe. Sasa ondoka, leo hatuna hamu na mgeni."

Siku kumi baadaye, Ildefonsi aliingia kwenye yadi ya Swalehe. Zaina alimkaribisha kiti, akakataa. Alizunguka taratibu kati ya marundo ya mabati na sufuria zilizotoboka, akafika penye gogo ambalo juu yake Swalehe huvunjia vyuma. Akaligusa kwa kiatu.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Kuna kilichobaki? Hata kipande?"

Swalehe angeweza kumpa kipande chochote cha tangi lolote, na Ildefonsi asingejua. "Hakuna. Vyote vilipanda lori."

"Ulianzia wapi?"

"Unataka kweli kujua?"

"Nimetoka Ruangwa kwa ajili hiyo."

"Tangi. Huwa naanza na tangi, maana ni bati jepesi. Nililigeuza upande wa samaki ukae chini."

"Kwa nini?"

"Sijui. Sikupenda kumwona."

Ildefonsi aliguna.  Akaligeuzia gogo mgongo.

"Mwambie Mwalimu jina langu aliandike," akasema. "La pili. Tunarudi, wote watano, chama si cha Saturnini. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda Ruponda. Utakaa nyuma kabisa. Usinisalimie, na pikipiki yangu usiiguse hata ikizimika porini."

"Nimesikia."

"Sijakusamehe."

"Nimesikia pia."

Jumamosi ile Swalehe aliendesha wa mwisho, akila vumbi jekundu la pikipiki nane. Saturnini hakuja. Huko Ruponda wenzake walitandika khanga kivulini na kugawana mihogo na samaki wa kukaanga, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Alikaa peke yake kando ya BSA, akala mkate aliofungiwa na Zaina. Walipoanza kufunga vyombo, naye akanyanyuka, akavaa kofia na kungoja wote watangulie.