Picha ya Shamba la Siwema

Jumatatu moja ya mwaka 1927, Bibi Klara alikaa kigodani katika shamba la Siwema, kule Masaki ya Kisarawe, akachora kila kitu isipokuwa Siwema na muhogo wake. Kampuni ya mkonge ilitaka picha ya ardhi tupu ya kuwaonyesha matajiri wa Ulaya. Bibi Klara alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ujanani, kwao Denmaki, chuo cha wachoraji kilimfungia mlango kwa kuwa ni mwanamke. Akapanda meli kwa hasira, akafika Kisarawe kabla karne haijaisha, na kwao hakurudi. Kuacha watu nje ya picha alishazoea, maana wanunuzi wake walipenda pori.

Jumanne, Siwema alikuwa ndani ya picha, ameinama, analima. Bibi Klara akamfuta kwa tapentaini. Jumatano alikuwa amerudi na matuta manne. Akafutwa tena. Alhamisi matuta yalikuwa tisa, na udongo unadondoka sakafuni. Bibi Klara akaibeba picha mpaka Masaki.

Siwema alimwamkia, akamtandikia jamvi, akaikagua picha kama anayekagua palizi.

"Bibi, wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja, umekunywa uji wangu, mwenyeji ukamfuta. Nikaona niingie mwenyewe."

Bibi Klara aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akaomba radhi, akachukua brashi, akaandika chini ya picha kwa rangi nyekundu: Shamba la Siwema binti Jumbe.

Meneja wa kampuni alimwamuru Bibi Klara amwondoe Siwema pichani, la sivyo yeye atatolewa katika nyumba ya kampuni aliyokuwa akiishi.

"Nimeshamfuta mara mbili," alisema Bibi Klara. "Aibu hiyo yanitosha. Mfute wewe."

Meneja alikwangua kwa kisu hadi alasiri. Muhogo ukazidi kuota.

Mwezi uliofuata wanawake wote wawili walifukuzwa, wakahamia Soga, chumba kimoja. Mkonge ukapandwa Masaki mpaka juu ya makaburi. Picha ilibaki ukutani katika ofisi ya kampuni, na muhogo ulipokomaa, Siwema alikwenda kuvuna. Aling'oa, Bibi Klara akashika kapu. Karani, Saburi, aliwafungulia mlango, nao wakamwachia mihogo miwili.

Walipoondoka alirudi mezani kumalizia barua ya Ulaya. Aliandika kwamba ardhi ya Masaki ilikutwa tupu, haina mtu wala zao. Aliandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika muhogo, anatafuna.