Avelina na Averina

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuambiwa kwamba wewe ni watu wawili? Mimi niliambiwa, tena mchana kweupe, nimevaa kitenge changu cha kanisani, mbele ya dirisha la chama cha akiba na mikopo pale Biharamulo mjini.

Nilikuwa nimetoka Nyantakara kwa pikipiki. Nilitaka mkopo wa mashine ya kupukuchua mahindi, ile ya dizeli yenye magurudumu mawili, inayovutwa hadi uani kwa mtu. Miaka arobaini nimepiga magunia ya mahindi kwa fimbo, mabega yamechoka. Lakini sikumwambia mtu. Hata Limi, jirani yangu na katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nilimwambia nafuata mkopo wa mbolea. Mjane wa miaka sitini na minne anataka mashine? Wangecheka mpaka msimu uishe.

Anayeshughulikia mikopo anaitwa Fabiani. Akanipa shikamoo, nikaitika, akaingiza namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta. Akaniambia siku hizi kila mkopaji ana alama zake, kama mtoto wa shule na ripoti yake. Ukikopa kidogo na kurudisha kwa wakati, zinapanda. Ukichelewa, zinashuka. Nikatabasamu, maana kwenye kikundi nimekopa mara kumi na moja na sijawahi kuvusha tarehe hata kwa siku moja.

"Bibi," akasema, "huyu Averina hajawahi kukopa hata sindano. Hana alama."

Nikamwambia Averina ndiye mimi. Akafungua orodha ambayo kikundi chetu huleta kila mwezi. Humo alikuwemo Avelina, mwenye alama nzuri kuliko wenzake wote. Ila Avelina hakuwa na kitambulisho, na Averina hakuwa na historia. Na mikopo ya msimu ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Nikatoa miwani. Kweli, kwenye kitambulisho R ilikuwa imesimama pale, mguu mmoja mbele. Nikakumbuka siku ya kujiandikisha. Niliulizwa jina, nami nikalitaja kama tunavyolitaja sisi Wahangaza, L ikitoka R. Karani aliandika alichosikia, na kabla ya kutia sahihi sikuvaa miwani. Limi, kwa kuwa ni Msukuma, yeye huweka L kila mahali, hata pasipotakiwa. Anaandika "habali za leo" na haoni aibu. Ndiyo maana kwenye daftari lake nilibaki mzima.

Fabiani akasema dawa ipo: nilete cheti cha ubatizo na kiapo cha wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Nilibatizwa Ngara, huko nilikozaliwa. Basi kesho yake nikapanda gari, na Limi akakataa kubaki.

"Averina," akaniambia tulipofika kwenye kiti, "sogea umpishe Avelina akae."

Abiria wakacheka, nami nikacheka. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa msichana anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

Pale parokiani katekista Idefonsi alishusha kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, akapekua taratibu, kidole kikishuka ukurasa hadi ukurasa. Nikashikilia meza. Mwishowe kidole kikasimama: Avelina, binti wa Bartholomayo. Ile L ilikuwa ndefu kama mpini wa jembe. Akaniandikia cheti, tukateremka mbio hadi kwa wakili karibu na stendi. Akaniuliza kama naapa. Nikaapa kwa majina yote mawili, nisije nikamwacha mmoja nje.

Ijumaa saa tatu tulikuwa dirishani. Fabiani akasoma karatasi, akagonga mihuri, akaandika. Kwenye kioo cha kompyuta kaduara kadogo kakazunguka, kakazunguka. Limi akanibana mkono mpaka pete ikauma. Kisha Fabiani akageuza kompyuta tuione: mtu mmoja, mikopo kumi na mmoja, yote imerudishwa kwa wakati. Daraja la kwanza.

"Hongera, Bibi," akasema. "Ukiendelea hivi, mwakani utakopa zaidi. Sasa, dhumuni la mkopo?"

"Mbolea," Limi akajibu kwa niaba yangu.

Fabiani akaanza kuandika. Nikaitazama kalamu yake. Nimesafiri wilaya mbili kutafuta jina langu, halafu niliandikishe uongo? Nikaweka kiganja juu ya karatasi. Limi akanigeukia, mdomo wazi.

"Si mbolea," nikasema. "Nataka mashine ya kupukuchua mahindi. Ya dizeli. Na ubavuni nataka iandikwe Avelina, kwa L."