Mdomo wa Donna Laudomia

Miezi minne Prospera alikaa uso kwa uso na yule bibi kizee, Donna Laudomia, akimchora. Miezi minne! Alimjua mpaka anavyouvuta mdomo wa chini kuficha pengo, mpaka anavyolifinya jicho akitaka kusengenya majirani. Kisha bibi akafariki, picha ikiwa imebakiza mdomo tu, na mdomo huo Prospera aliumaliza kwa kumbukumbu jana mchana. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Leo Seneta Grattini, mwana wa marehemu, kaja kuichukua. Alipoiona tu, machozi yakamtoka.

"Mama huyu hapa! Maestro Ercole, fundi mkuu, Mungu akubarikie mikono."

Na Ercole, kaka yake Prospera, ambaye miezi yote hiyo alishinda kwenye vilabu vya mvinyo nyuma ya soko, akainamisha kichwa akasema ahsante. Bila haya! Tena kwenye ile barua aliyoishika bibi pichani, mahali Prospera alipoacha nafasi ya jina lake, palikuwa pameshaandikwa: Ercole. Kaliandika asubuhi, dada yake akiwa kanisani.

"Kaka," Prospera akasema, damu inamchemka, "picha hii umeichora lini?"

"Usianze, dada'angu," Ercole akamnong'oneza. "Chama cha wachoraji hakina mwanamke. Watu wakiona jina lako watacheka. Kwani mimi na wewe si baba mmoja?"

"Baba mmoja, sawa. Na mkono nao ni mmoja?"

Seneta akatabasamu kama mtu anayebembeleza mtoto. "Binti, najua ulikuwa unamsagia kakako rangi. Kazi njema hiyo. Lakini uso kama huu hautoki kwenye mkono wa kike."

Kumsagia rangi! Prospera alichukua kitambaa, akakitia mafuta, akaufuta mdomo wa Donna Laudomia, mara moja tu.

Seneta akapiga ukelele. "Mwendawazimu wewe! Mama yangu!"

"Usihofu, Bwana Seneta. Aliyemchora si yupo? Ataurudisha." Akamsukumia kaka yake brashi. "Haya, maestro. Tunakungoja."

Ercole akacheka kicheko kikavu. Akachovya, akapaka, akarudi nyuma, akapaka tena, jasho linamtiririka. Ukatoka mdomo mwekundu, umejaa, mdomo wa msichana anayesubiri kuposwa.

"Huyu nani?" seneta akauliza.

Ercole akaiweka brashi chini. Hakuwahi kumtazama yule bibi usoni hata siku moja. Wakipishana mlangoni alimwamkia tu akapita zake.

Seneta akageuka taratibu. "Binti, unaweza...?"

"Nani binti?"

"Maestra." Sauti ilimtoka kwa taabu, mtu mzima analia. "Nakuomba. Nimwone tena mama yangu."

Prospera alimwonea huruma, kweli, lakini hasira haikumtoka hata chembe. Aliufuta ule mdomo wa msichana. Akalifuta na jina la kaka yake. Kisha akachagua brashi nyembamba kuliko zote, akainama kwenye barua.

"Mdomo ni huku juu," seneta akasema.

"Naujua ulipo," Prospera akajibu, akaanza kuandika jina lake, herufi moja moja, bila haraka, na seneta akasimama akangoja.