Ngozi ya Fundi Bayumi

Bayumi aliinama kwenye bomba la uani mwa kiwanda, akapenga. Kilichotoka kilikuwa kigaga kikavu, kikubwa kama ganda la mbegu ya tikiti, kimegandamana na damu nyeusi. Alikisuuza, akakigeuza kiganjani. Katikati yake mlikuwa na kitu cheupe, kigumu kidogo, chenye kung'aa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshika ngozi za ng'ombe na nyati, na vichwa vyao navyo vilimpitia mkononi. Gegedu, ule mfupa laini wa puani, alilijua. Alilitazama lile lake kwa muda, kisha akafungua bomba, maji yakalichukua hadi mtaroni pamoja na manyoya na chokaa.

Kuanzia siku hiyo pua yake ikawa inapiga mluzi kila akivuta pumzi. Mafundi wa mapipa walicheka wiki nzima.

"Nani kaweka birika jikoni?" aliuliza Shehata, msimamizi wao. "Ah, kumbe ni shemeji anapumua."

Shehata alikuwa kaka wa Widad, mke wa Bayumi. Ndiye aliyemleta Bayumi kiwandani akiwa kijana mwenye mikono mizima. Wote wawili walifanya kazi kwenye mapipa ya mbao, marefu kuliko mtu, yaliyozungushwa na mota mchana kutwa, ndani yake ngozi zikigeuka buluu kwa dawa ya kromu. Pipa likisimama, fundi aliingiza mikono hadi kwenye makwapa, akazivuta ngozi moja moja, nzito kama maiti. Glavu zilikuwako. Zilikaa kabatini kwa Hajji Zakariya, mwenye kiwanda, zikatolewa siku ambazo mkaguzi wa serikali alitarajiwa, jioni zikarudishwa zikahesabiwa.

Kila fundi wa mapipa alikuwa na matundu mikononi. Yalitokea kwenye vifundo vya vidole na pembeni mwa kucha: duara dogo, kingo zimeinuka, katikati shimo la kuweza kukaa punje ya dengu. Wao waliyaita macho ya kuku. Hayakuuma. Kwa kuwa hayakuuma, mtu aliyaziba kwa plasta, akaendelea.

Lakini asubuhi moja Widad aliingia jikoni akakuta mkate umeungua, moshi umejaa hadi ukumbini, na Bayumi ameketi hatua tatu kutoka kwenye jiko akifunga kamba za viatu.

"Husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Siku hiyohiyo alimpeleka zahanati ya mtaa.

Daktari alikuwa msichana, Dokta Inas, mwenye sauti ndogo na haraka nyingi. Alipomulika kurunzi katika tundu la kulia la pua ya Bayumi, haraka ile ilikwisha. Alivuta kiti, akaketi. Akachukua karatasi, akachora mistari mitatu.

"Ami, ngozi ya mtu ina tabaka tatu. Hili la juu ni kama paa. Sehemu yake ya nje imeshakufa, kazi yake ni kulinda kilicho hai chini. La pili ndilo lenye mishipa, neva na mizizi ya nywele. La tatu ni mafuta."

Bayumi alitabasamu. "Binti yangu, hilo la juu sisi tunaling'oa kwa chokaa, pamoja na manyoya. Hayo mafuta ya chini na utando wake tunayakwangua kwa kisu. La kati ndilo kiatu."

Dokta Inas alicheka, kisha hakucheka tena.

"Basi dawa ile inayolifanya hilo la kati lisioze ndiyo iliyokuingia. Yenyewe haibagui ngozi ya nyati na ya Bayumi. Inakula inashuka. Hayo matundu ya mikono hayakuumi kwa sababu neva zimekufa."

"Na pua?"

"Pua ndani haina hata hilo paa. Ina utando tu, mwororo, umelowa. Chini ya utando kuna gegedu, na gegedu halina damu yake lenyewe. Linakula kwa utando. Mvuke wa kromu umeua utando upande huu na upande huu, gegedu katikati likafa njaa." Aliweka kalamu chini. "Una tundu kwenye ukuta wa kati wa pua, ami. Hautarudi ukuta ule."

Aliandika barua kwa kamati ya madaktari ya bima. Maradhi ya kazi, aliandika, na akapiga mstari chini yake. Akamweleza kuwa ni haki yake kupewa pensheni kamili. Tatizo lilikuwa moja: kwenye vitabu vya bima mafundi wote wa Hajji Zakariya waliandikwa wafagiaji. Kamati ingetaka mtu wa kiwandani athibitishe kuwa Bayumi alikuwa wa mapipa. Awe mkubwa wake wa kazi.

"Hilo si tatizo," alisema Bayumi. "Mkubwa wangu anakula kwangu kila Ijumaa."

Na kweli Ijumaa ile Shehata alikuja, kama kawaida yake, Widad akampikia mlenda na nyama ya sungura. Bayumi alimsomea barua yote. Shehata alisikiliza huku akizungusha kipande cha mkate kwenye sahani.

"Tena si wewe peke yako," alisema. "Twende wote. Mafundi kumi na moja. Watatufukuza wangapi?" Alikata mkate, akauchovya kwenye chumvi, akaula mbele ya dada yake, kama mtu anayekula kiapo. "Hii kati yetu. Mimi ndiye nitakayesema wa kwanza."

Widad alimwongezea nyama.

Mwezi uliofuata ikatangazwa kuwa kiwanda kinahamia mji mpya wa viwanda, kule jangwani. Mashine mpya, nafasi chache. Orodha ya watakaohama ingeandikwa na Hajji Zakariya mwenyewe. Mafundi wakaanza kumsalimia Bayumi wakiwa wanatembea, bila kusimama. Mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani. Mwingine alisema wazi, "Fundi, nina mabinti wanne," akaondoka. Bayumi hakumlaumu. Shehata bado yupo, alimwambia mkewe.

Siku ya kamati Bayumi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akawahi. Ukumbini alikaa peke yake kwenye benchi la watu kumi na wawili. Saa nne kasorobo alimwona Shehata akipanda ngazi. Hakuwa peke yake. Alikuwa na wakili wa kiwanda, na mkononi amevaa glavu nyeusi za ngozi, laini, za kuendeshea gari, ilhali ilikuwa Juni, joto limepamba.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Adham wa hospitali ya chuo kikuu. Mbele yake palikuwa na barua ya Dokta Inas. Aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maneno, akaiweka kando.

"Wewe ni msimamizi?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Shehata.

"Unamfahamu huyu?"

"Ni mume wa dada yangu."

"Kazi yake?"

Shehata alitazama kidau cha wino mezani. "Anafagia. Ua, na ngazi. Wakati mwingine anabeba magunia ya chumvi."

"Umewahi kumwona akishika dawa ya kromu?"

"Hapana."

Bayumi aliona masikio yake yanajaa mvumo, kama anaposimama karibu na pipa. Hakupandisha sauti. "Shemeji, vua glavu."

"Mgonjwa asizungumze na shahidi," alisema wakili.

"Sizungumzi naye. Namwomba avue glavu. Daktari aone mikono yake tu, basi, mimi nitaondoka."

"Hajji," Profesa Adham alimwambia Bayumi, "hapa si mkahawani. Anayechunguzwa ni wewe."

Shehata aliteremsha mikono yote miwili chini ya meza.

Profesa alimwita Bayumi karibu na dirisha. Alimshika vidole, akavipitia kimoja kimoja, akabonyeza kingo za matundu kwa kucha ya kidole gumba. Kisha akamwinua kidevu, akawasha taa yake ndogo. Bayumi alikuwa ameegemeza kichwa nyuma akimtazama kwa karibu, aliona nywele za ndani ya masikio yake. Aliona pia mkono ukisita. Taa ilikwenda kulia, ikarudi kushoto, ikarudi tena kulia, ikatulia hapo. Profesa alitoa sauti ndogo kooni, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

Ameona, alijisemea Bayumi. Mungu mkubwa, ameona.

Profesa alirudi kitini, akamwelekea karani. "Andika. Ngozi ya mikono: mzio, chanzo hakijulikani. Pua: tundu katika ukuta wa kati." Alitazama saa yake. "Huenda mgonjwa ana mazoea ya kujichokonoa."

Karani aliinua uso. "Kujichokonoa?"

"Kwa kidole. Hutokea. Haihusiani na kazi."

Wakili alifunga mkoba wake.

Jioni Shehata alikuja nyumbani. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. Widad alifungua mlango, akasimama palepale katikati.

"Dada, nipishe niseme na mumeo."

"Sema. Anakusikia. Pua ndiyo mbovu, masikio mazima."

Shehata aliongea kupitia bega la dada yake. "Bayumi, orodha imeshatoka. Nafasi sitini, kiwanda kizima tuko mia na ishirini. Ningesema vile ulivyotaka, leo tungekuwa wawili nje. Sasa yuko mmoja. Mmoja naweza kumsaidia."

Bayumi hakuwa na hasira aliyoitegemea. Alihisi uchovu. "Wewe yako imefika wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Pua."

Shehata alivuta pumzi ili ajibu. Wote watatu waliusikia: mluzi mwembamba, wa juu kidogo kuliko wa Bayumi, unakuja na pumzi na kuondoka na pumzi. Widad alimtazama kaka yake mdomo wazi.

"Vumbi tu," alisema Shehata.

Widad alifunga mlango polepole, kama mtu anayefunika mtoto. Kisha akaingia jikoni, na Bayumi akamsikia akifungulia maji kwa muda mrefu bila kuosha kitu.

Kiwanda kilihama. Bayumi hakuwemo. Alijaribu kupata kazi ya kupanga vikasha sokoni, lakini wateja walipoona mikono yake walishika matunda wenyewe. Wakati wa baridi damu ya pua ikawa haikatiki. Alikwenda hospitali ya chuo kikuu kwa sababu marhamu ya kupaka puani yalitolewa bure pale, na karani wa mapokezi, baada ya kumsikiliza akipumua, alimtazama kwa hamu.

"Hajji, kesi kama yako wakubwa wanaitafuta. Ukikubali kuonwa na wanafunzi, utapata marhamu ya miezi mitatu bila kupanga foleni."

"Ni madaktari?"

"Watakuwa."

Bayumi alikubali. Marhamu aliyahitaji, lakini si hilo tu lililompeleka. Katika madaktari wengi hivyo, alimwambia Widad, hakosekani mmoja wa kuniandikia ukweli.

Walimketisha kwenye stuli mbele ya ukumbi wenye viti vya ngazi. Wanafunzi walikuwa kama thelathini, makoti meupe, wengine wakimaliza sandwichi za maharage. Nyuma yake mlango ulifunguliwa, wakasimama wote. Bayumi aligeuka, akamwona Profesa Adham.

Profesa alimtazama kama mtu anavyotazama kiti. Hakumkumbuka, au alimkumbuka, na haikuwa na uzito.

"Zimeni taa," alisema. Aliinua kidevu cha Bayumi kwa vidole viwili, akaingiza mwanga katika tundu la kulia. "Tazameni tundu la kushoto. Mnaona nini?"

"Mwanga, Profesa."

"Unatokea huku. Kwa nini? Hakuna ukuta. Kingo safi, haliumi, na mgonjwa hasikii harufu. Sasa mikono. Inua mikono, hajji. Vidonda vya duara kwenye vifundo, vimezama hadi tabaka la pili. Mkiyaona haya mawili kwa mtu mmoja, msihangaike kumuuliza anafanya kazi gani. Mwambieni ninyi. Anafanya kazi gani?"

"Kiwanda cha ngozi," walijibu wengi pamoja.

"Na chanzo?"

"Kromu."

Msichana wa safu ya mbele aliinua mkono. "Profesa, haiwezekani kuwa ni kujichokonoa?"

"Swali zuri. Kujichokonoa hakuleti vidonda hivi mikononi. Atakayeandika hivyo kwenye mtihani wangu, nitamfelisha."

Walicheka. Kisha kalamu thelathini zikaanza kazi, na ukumbi mzima ukawa na sauti ya kukwaruza, kama visu juu ya ngozi mbichi.

"Daktari," alisema Bayumi, kichwa bado kimeegemezwa nyuma. "Karatasi moja tu katika hizo. Niandikie na mimi. Uweke sahihi."

"Usiongee, hajji," alisema Profesa Adham, akamsogeza kidevu mahali pake. "Taa inacheza."

Akawaambia wateremke safu kwa safu, wapite mmoja mmoja, waone vizuri. Wakapanga mstari.