Malkia wa Mwalimu Kimeli

Kila Jumamosi alasiri Mwalimu Kimeli alifika Eldoret kwa baiskeli kutoka kijijini Ziwa, akala viazi vitamu kwa rafiki yake Shitanda, kisha akamfunga sataranji kabla chai haijapoa. Walijifunza mchezo huo vitani, Burma. Sasa Shitanda alikuwa karani wa stesheni, na kufungwa alikuwa amekuzoea.

Mkewe, Kavetsa, alikuwa akipukuchua mahindi huku akiwatazama. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa macho. Aliona Mwalimu hufungua mchezo vilevile siku zote: askari wa mbele ya mfalme, halafu malkia mbio hadi pembeni mwa ubao, halafu askofu, na wawili hao wakamwinda askari mmoja mnyonge aliye ubavuni mwa mfalme wa Shitanda. Naye Shitanda, kila mara, alikuwa akiangalia kwingine.

Jumamosi moja ya mvua, mwaka 1948, gari moshi lilichelewa, na Shitanda pia.

"Mwalimu, tunaweza kucheza sisi," Kavetsa akasema.

"Kumbe unajua, Mama Nekoye?"

"Tukianza nitajua."

Kimeli akapanga vipande, akampa vyeusi. Askari, kisha malkia mbio. Kavetsa akatoa farasi. Askofu alipokuja, akasukuma askari mdogo hatua moja, puani mwa malkia. Malkia akarudi nyuma, akatisha tena. Farasi wa pili akaziba njia. Malkia akakimbilia upande mwingine, farasi wa kwanza akamrukia. Kimeli akakasirika kidogo, akamtupa askofu mlangoni kwa mfalme. Malkia akaendelea kufukuzwa, askofu akabaki bila mlinzi, na mfalme wa Kavetsa mwenyewe akamla.

Shitanda aliingia koti likichuruzika maji. Aliutazama ubao.

"Vyeusi ni vya nani?"

"Vya mama watoto," Kimeli akajibu. "Miaka miwili unanificha mchezaji."

"Hata mimi nimefichwa," Shitanda akasema, akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la mahindi.

Kavetsa alimfunga Mwalimu kwa ngome mbili. Mwalimu akainuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akaomba chai nyingine na mchezo wa pili. Safari hii alianza na askari wa mbele ya malkia. Kavetsa hakuwa ameuona mwanzo huo. Akavuta kigoda karibu, akashika tama, akaanza kufikiri kwa furaha.